Laini mbili zilizokufa pamoja: jibu kwa mwenye nyumba ya wageni Jambiani

Suali: "Assalamu alaykum. Nina nyumba ya wageni ya vyumba vinane Jambiani. Nalipia intaneti kwa kampuni mbili. Moja imeniletea waya wa mkongo, nyengine imenipa ruta ya 4G, kwa sababu niliambiwa ikifa moja nitashika nyengine. Mei 2024 zilikufa zote siku moja. Wageni wakashindwa kulipa kwa kadi, na chumba kimoja kikauzwa mara mbili. Tangu hapo zimeshakufa pamoja tena. Sasa kijana mmoja anataka kuniuzia dishi la setilaiti lililosajiliwa Kenya. Ninunue? Na mtu kama mimi alalamike wapi, Serikali ya Zanzibar au TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania?"

Jibu: Waalaykum salaam, mama. Dishi usinunue, na sababu zake nitazieleza mbele. Laini ya pili usiikate, lakini kwa hali ilivyo sasa unailipia kila mwezi na haikulindi. Umeuziwa mifereji miwili ya tangi moja. Tangi likikauka, kufungua mfereji wa pili hakukusaidii kitu. Aliyekuuzia alikuwa na wajibu wa kukueleza hilo, na inaniuma kuona wafanyabiashara wadogo wa ukanda wa pwani wakitozwa pesa ya usalama wasiopewa.

Tuanze na siku yenyewe. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, yaani nyaya zinazobeba intaneti baina ya nchi, EASSy na SEACOM, ilikatika siku moja kaskazini ya Durban, katika kipande cha baina ya Afrika Kusini na Msumbiji. SEACOM ilianza kazi 2009 na EASSy 2010. Ina wenyewe mbalimbali na mikataba mbalimbali. Lakini yote miwili inapanda nchi kavu Mtunzini, Afrika Kusini, na yote miwili inapanda Dar es Salaam. Ilikatika pale ilipokaribiana. Upande wa kaskazini nako hali ilikuwa mbaya tangu Februari mwaka ule ule, pale meli ya Rubymar ilipopigwa kombora na Wahouthi karibu na Yemen. Inaaminika kuwa nanga yake ilipoburura chini ya Bahari ya Shamu ndipo mikongo mitatu ikakatika, ukiwemo wa SEACOM. Kwa hiyo Mei ilipofika Tanzania ilibanwa kusini na kaskazini kwa pamoja, na kampuni zilizokuwa zimenunua mkongo mmoja kama kinga ya mwengine zikajikuta hazina kinga.

Matengenezo ya baharini hayaendi mbio. Meli inayohudumia mwambao wetu, Léon Thévenin, ina makao yake Cape Town. Lazima ipakie waya wa akiba, ifike pahala penyewe, inase ncha ya kwanza na kuipima, inase ya pili, iunge kipande kipya, kisha iuteremshe mkongo chini. Ukisikia mkongo wa kimataifa umekatika, panga biashara yako kwa wiki kadhaa.

Sisi wa visiwani tuna mzigo wa ziada. Mikongo hiyo miwili haigusi Unguja wala Pemba. Ujumbe wa mgeni wako unatoka Jambiani hadi Mjini kwa waya wa nguzoni au wa ardhini, au kwa mawimbi ya mnara hadi mnara. Hapo unavuka mkondo hadi Bara, unaingia Dar, na kutoka Dar ndipo unapopanda mkongo wa kimataifa. Hivyo ni vipande vinne, na kila kimoja peke yake kinaweza kuua laini zako zote mbili ikiwa kampuni zako mbili zinakitumia pamoja. Mkondo wa Unguja ni wa kina kifupi na vyombo ni vingi. Duniani hutokea hitilafu baina ya 150 na 200 za mikongo ya baharini kwa mwaka, na sehemu kubwa, asilimia 70 hadi 80, husababishwa na nanga na nyavu za kukokota. Baina ya Pemba na Bara bahari ni ya kina kirefu mno, mamia ya mita, na huko tatizo kubwa huwa ugumu na gharama ya kutengeneza.

Somo hili tulishalisoma kwa umeme. Unguja ilitegemea waya mmoja wa baharini uliowekwa 1980. Mei 2008 kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa miezi mitatu. Baada ya hapo ndipo ukaja waya wa pili, wa kilovolti 132 na uwezo wa megawati 100, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Hakuna aliyedhani mwaka 2008 kwamba dawa ilikuwa kuweka mita mbili za umeme ndani ya nyumba. Kwenye intaneti bado tunauziana mita mbili.

Sasa utajuaje laini zako zinakutana wapi? Anza na mnara, maana ni rahisi. Kampuni za minara kama Helios Towers hujenga mnara mmoja na kuukodisha kwa mitandao miwili au mitatu. Mnara ukikosa umeme na mafuta ya jenereta yakiisha, mitandao yote iliyopanga pale inazimika kwa dakika moja. Kwa hiyo umeme unapokatika kijijini kwa saa nyingi, angalia simu mbili zenye laini tofauti. Zikipoteza mawimbi pamoja kila mara, huenda zinakula mnara mmoja. Uliza pia kama waya wako wa mkongo unapita kwenye nguzo zile zile zinazoulisha mnara huo. Gari likigonga nguzo moja barabarani, vyote viwili vinaondoka.

Kipande cha kimataifa kinapimwa kwa kompyuta. Mwanga ndani ya mkongo unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za njia zinakula kiasi cha milisekunde moja ya kwenda na kurudi. Fungua kisanduku cha amri cha Windows, andika tracert -d ukifuatisha anwani ya tovuti, kisha soma milisekunde mstari kwa mstari. Usipime kwa Google wala Facebook, kwa kuwa kampuni hizo huweka seva za akiba karibu na wateja, na jibu litatoka jirani hata kama bahari nzima imekatika. Chagua chuo kikuu kimoja cha Uingereza na kimoja cha Afrika Kusini ambavyo vinakaa na seva zao wenyewe. Ukiona Uingereza inajibu kwa milisekunde 130 hadi 160, aghlabu njia imepita Bahari ya Shamu. Ikizidi 200 sana, huenda inazunguka kwa chini, Afrika Kusini, kisha inapanda upande wa magharibi. Pima laini zote mbili saa ile ile, asubuhi na usiku, uandike. Namba zikienda sambamba na zikapanda pamoja, una njia moja yenye majina mawili. Kipimo hiki hakikupi jina la mkongo, lakini kinakupa la kumuuliza muuzaji asiweze kukuzungusha.

Na umuulize kwa maandishi, barua au barua pepe, kabla ya kusaini tena. Waya wangu unafika Mjini kwa njia ipi, ni wenu au mmekodi? Kuvuka kwenda Bara mnatumia kipi, cha akiba ni kipi, na hicho cha akiba kinaweza kubeba sehemu gani ya mzigo wa kawaida? Kutoka Dar mnatumia mikongo ipi, na mna njia ya nchi kavu kupitia mpaka wa Horohoro au wa Namanga hadi Mombasa? Tarehe 12 Mei 2024 wateja wenu wa Unguja walibaki na kasi kiasi gani? Suali la mwisho ndilo linalotenganisha wenye njia na wenye maneno. Suali la Mombasa nalo lina maana yake. Pale unapanda mkongo wa TEAMS unaokwenda Fujairah, Falme za Kiarabu, ambao hauhitaji kupita Durban wala Bahari ya Shamu kufika huko. Dar nayo ilipokea mkongo wa 2Africa mwaka 2023 kupitia Airtel. Kwa hiyo kampuni inayotaka kutenganisha njia zake leo ina pa kutenganishia, na inayosema haiwezekani inakwepa gharama. Kwa wasomaji wa Pemba, ongezeni suali moja: mawasiliano yetu yanatoka kisiwani kupitia Unguja, kupitia Tanga, au kote kuwili?

Ukishapata laini mbili zinazotengana kweli, walau kuanzia kwako hadi Dar, kazi inayobaki iko ndani ya nyumba yako, na hapa wengi wanapoteza walichonunua. Unahitaji ruta yenye milango miwili ya kuingizia intaneti, kama TP-Link ER605 au MikroTik hEX. Ruta uliyopewa na kampuni haitoshi, kwa sababu aghlabu imefungwa itumie kampuni hiyo tu. Waya wa mkongo uingie mlango wa kwanza, ruta ya 4G iingie wa pili, kisha fundi aweke ya pili kuwa ya kusubiri. Asikuwekee mpangilio wa kugawa mzigo kwa zote mbili kwa wakati mmoja. Tovuti za benki zikiona anwani yako inabadilika katikati ya malipo zitamtoa mtu nje, na utadhani mtandao mbovu.

Kosa kubwa linalofanywa na mafundi ni kipimo cha kujua kama laini imekufa. Wanaiambia ruta iangalie kama kifaa cha kampuni kilicho jirani kinajibu. Siku mkongo unapokatika Durban, kifaa hicho kilichopo Mjini kinajibu kama kawaida na taa inawaka kijani. Ruta inaamini mambo mazuri, wala haihamii laini ya pili hata ikiwa hiyo ya pili ni nzima. Kipimo kilenge anwani mbili za nje ya mtandao wa kampuni, kila sekunde 10, na laini ihesabiwe imekufa pale zote mbili zikikosa kujibu mara tatu mfululizo. Lakini kumbuka nilichosema kuhusu seva za jirani. Anwani maarufu kama 1.1.1.1 na 8.8.8.8 zinajibiwa kutoka pahala pengi duniani, kwa hiyo moja kati ya mbili ulizochagua iwe ya seva iliyoko Ulaya kweli. Laini ya kwanza ikirudi, ruta isubiri dakika tano kabla ya kuirudia, la sivyo siku ya mkongo unaoyumba utakuwa unahamishwa kila dakika na hakuna simu ya video itakayokamilika.

Kwa vyumba vinane, kasi ya Mbps 30 (megabiti 30 kwa sekunde) kwenye laini kuu inatosha ukiwa na wageni 16. Simu ya video inakula baina ya 1.5 na 4, filamu ya kiwango kizuri inakula kama 5. Laini ya akiba ya Mbps 10 inatosha pia, kwa sharti kwamba ikishika zamu ruta imuwekee kila mgeni kikomo cha Mbps 2 na kuipa mashine ya kadi na kompyuta ya mapokezi haki ya kupita kwanza. Bila ya kikomo hicho simu mbili zinazojisasisha zitakumalizia bando kabla ya adhuhuri.

Laini ya akiba ina maradhi yake. Ikikaa miezi mitatu bila kutumika inaweza kufungiwa. Bando linakwisha muda wake kimya kimya. Na mara nyingi imesajiliwa kwa kitambulisho cha mfanyakazi aliyekwishaondoka. Piga *106# kwa laini hiyo uone imesajiliwa kwa jina la nani. Ikiwa si lako wala la biashara yako, nenda dukani ukaibadilishe wiki hii. Kisha kila Jumatatu asubuhi, wageni wakiwa kwenye chai, chomoa waya wa mkongo kwa dakika kumi uone kinachotokea. Kinga ambayo haijajaribiwa huijui kama ipo.

Ruta ya 4G nayo usiiweke sebuleni. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinakula mawimbi, mabati yanakula zaidi, makuti yanapitisha vizuri yakiwa makavu na vibaya mvua ikinyesha. Ingia kwenye ukurasa wa ruta utafute namba mbili. Ya kwanza ni RSRP, nguvu ya mawimbi yanayokufikia: -90 au karibu zaidi na sifuri ni nzuri, -100 ni ya kuvumilia, ikifika -110 haikufai. Ya pili ni SINR, usafi wa mawimbi ukilinganishwa na kelele: juu ya 13 ni safi, chini ya 0 ni kelele tupu. Watu huangalia vile vijiti vya mawimbi, navyo havisemi lolote kuhusu kelele. Ukiweka kifaa cha nje juu ya paa upande unaoelekea mnara, namba zote mbili kwa kawaida zitapanda na kasi itazifuata. Kwa kuwa uko ufukweni, boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu, waya uwe wa nje unaostahimili jua, kila kiungo kipakwe grisi maalumu ya umeme na kufungwa utepe wa mpira. Kabla waya haujaingia ukutani uache uning'inie chini kidogo kama tumbo ili maji yadondoke hapo yasifuate waya ndani. Chumvi ya pwani ya mashariki huingia kwenye kiungo kisichofungwa ikakila polepole, na dalili ya mwanzo ni kasi inayoporomoka kila jioni yenye unyevu. Weka na waya wa ardhi, kwa ajili ya radi za masika.

Umeme ni hesabu nyepesi. Kifaa cha mkongo na ruta kwa pamoja vinakula kama wati 20. Betri ya volti 12 na Ah 18 (ampea-saa) ina kiasi cha Wh 216 (wati-saa). Ya asidi usiitumie chini ya nusu ikiwa unataka idumu, kwa hiyo una Wh 108, yaani saa tano na ushei. Vifaa vingi hivi vinakula volti 12 moja kwa moja, basi mwambie fundi asipitishe kwenye invata, maana invata nayo inajilisha humo humo. Soma kwanza kilichoandikwa chini ya kila kifaa. Chengine ni cha volti 9, na ukikipa 12 utakiunguza.

Kuna siku hata hayo yote hayatasaidia, na uwe na utaratibu wa siku hiyo. Malipo kwa menyu za nyota na reli yanapita ndani ya mtandao wa simu wa nchini, kwa hiyo yana nafasi kubwa ya kufanya kazi hata intaneti ya kimataifa ikiwa imekufa. Kadi ya mgeni kutoka Italia lazima iulizwe kwa benki ya kwao, na hiyo inataka bahari. Iulize benki yako mashine ya kadi ina laini ya mtandao gani ndani. Ikiwa ni mtandao ule ule wa ruta yako ya 4G, omba ya mtandao mwengine. Kuhusu chumba kuuzwa mara mbili: tovuti za kuuzia vyumba ziko nje, na wakati wewe huoni kitu zenyewe zinaendelea kuuza. Kila jioni chapisha orodha ya wageni wa siku mbili zijazo pamoja na namba zao za simu. Kisha tafuta mtu wako aliye nje ya Afrika Mashariki, ndugu au rafiki unayemwamini, mwenye nywila ya kufunga vyumba. Mkongo ukikatika unampigia simu ya sauti au unamtumia ujumbe wa kawaida, naye anafunga mauzo kwa niaba yako. Na usitegemee kuwa mgeni ataokolewa na laini yake ya kwao au ile laini ya kielektroniki ya wasafiri aliyoinunua kabla ya kuja. Data yake kwa kawaida hurudishwa kwanza kwenye mtandao wa nje uliomuuzia, kwa kupitia bahari ile ile, ndipo iende inakokwenda.

Sasa dishi. Kifaa kilichosajiliwa Kenya kinafanya kazi chini ya leseni ya Kenya, ambako Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti, ilianza Julai 2023. Leseni hiyo haivuki mpaka. Kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, anayetoa huduma hapa anahitaji leseni ya TCRA na kifaa chenyewe kinahitaji kuthibitishwa. Kampuni yenyewe mwaka 2024 iliwaandikia wateja waliokuwa wakitumia vifaa katika nchi ambako haina ruhusa kuwa itawakatia mwishoni mwa Aprili. Ukinunua, unanunua kitu kinachoweza kuzimwa kutoka mbali, na aliyekuuzia mkononi hana pa kushitakiwa. Kwa ufundi wake dishi ni kinga nzuri. Setilaiti hizo ziko kama kilomita 550 juu na hazitegemei mkongo wa Durban. Ndiyo maana msimamo wangu ni kwamba visiwa vinahitaji huduma ya setilaiti yenye leseni, ya kampuni yoyote, iwe ya akiba kwa hospitali, bandari, skuli na biashara. Lakini aliye na leseni ndiye unayeweza kumdai.

Hilo linatupeleka kwenye suali lako la mwisho. Posta na simu ni jambo la Muungano, limo katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977, kwa hiyo leseni, ubora wa huduma na adhabu viko chini ya TCRA. Serikali ya Zanzibar haiwezi kuipiga faini kampuni ya simu kwa intaneti mbovu. Lakini haimaanishi haina la kufanya. ZICTIA, wakala wake wa miundombinu ya mawasiliano, ina mkongo wa serikali ndani ya visiwa, na barabara zinachimbwa kila mwaka. Kila barabara inayojengwa bila kulazwa bomba tupu la kupitishia mikongo ni fursa iliyopotea, na kila kampuni inayokuja baadaye itaning'iniza waya kwenye nguzo zile zile. Serikali inaweza pia kusimamia maeneo ya marufuku ya kutia nanga juu ya nyaya za baharini, na kuwafikishia wavuvi na manahodha ramani hizo kupitia masheha na kamati za wavuvi. TCRA kwa upande wake inapima ubora wa huduma na kutoa ripoti, lakini mteja hawezi kusoma popote kama kampuni yake ina njia moja au mbili za kutoka kisiwani. Kampuni zilazimishwe kutangaza hilo. Siri za kibiashara hazifiki kwenye neno "ndiyo tuna njia ya pili" au "hatuna".

Kabla hujalalamika, soma mkataba wako. Ukiahidiwa upatikanaji wa asilimia 99.5, maana yake kampuni imejipa ruhusa ya kukosekana saa 3.6 kwa mwezi, asilimia 99.9 ni dakika 43. Kisha tafuta kifungu cha majanga yaliyo nje ya uwezo wao. Karibu kila mkataba unatia kukatika kwa mkongo wa baharini humo. Unapohuisha, dai kifungu kisemwe hivi: msamaha huo utumike tu ikiwa njia zote za kampuni zilikatika, na siku zilizopotea zirudishwe kwenye ankara. Mteja mmoja atakataliwa. Wenye nyumba za wageni ishirini wa Jambiani, Paje na Bwejuu wakienda pamoja kwa barua moja watasikilizwa, kwa sababu muuzaji wa eneo hilo anaishi kwa wateja hao.

Malalamiko yanaanza kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi, na udai namba ya lalamiko. Isipotatua ndani ya siku 30, nenda TCRA. Shauri linaweza kufika Kamati ya Malalamiko, na asiyeridhika na uamuzi ana haki ya kukata rufaa Baraza la Ushindani. Barua yako iwe na tarehe na saa laini zilipokufa na ziliporudi, karatasi ya vipimo vya laini zote mbili kwa saa zile zile, nakala ya mkataba na risiti, na sentensi moja inayosema unadai nini, kwa mfano kurudishiwa malipo ya siku hizo. Andika pia kwamba uliuziwa laini ya pili kama kinga, na uambatishe ujumbe au tangazo lililosema hivyo, kwa kuwa hapo shauri lako linatoka kwenye hitilafu ya baharini na kuwa la mteja aliyeambiwa jambo lisilo kweli. TCRA ina ofisi yake Zanzibar. Ipeleke kwa mkono wako, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hujatoka mlangoni.